Nauli Isiyobadilisha Jina

Jumatatu, 3 Februari

Nimefika Kenton saa mbili na dakika kumi. Treni ya Lewisham ilisimama njiani bila sababu. Mama Nilesh alikuwa ameketi kitandani, saa yake ameishika karibu na jicho. "Wewe iko late." Hakuna salamu. Soksi za kubana, mguu wa kulia kwanza. Akalalamika kwamba nakaza. Soksi za kubana zinabana. Ndiyo kazi yake.

Miaka miwili na nusu sasa namhudumia. Kiswahili chake ni cha duka la baba yake Nakuru: lete, toa, ngoja, hapana. Ana miaka themanini na minne na bado ananitazama kama niliyekuja kuomba kazi kwenye mlango wa nyuma.

Mchana mwanawe, Nilesh, akaja na kijitabu chenye picha ya meli. Mama yake anataka kuona barafu ya baharini kabla hajafa, anaimba wimbo huo tangu Krismasi. Basi Juni kuna meli inayotoka Southampton kwenda juu kabisa, kupita Norwei. Siku kumi na nne. Nilesh akanigeukia na kuniambia kwa Kizungu kwamba na mimi nitaenda. Likizo ya bure.

Likizo! Chumba kimoja. Mama yake kitanda cha chini, mimi kwenye kitanda kinachoshushwa kutoka darini, kama rafu. Alinionyesha picha huku anatabasamu. Niliosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumanne, 4 Februari

Mama yangu alikuwa yaya Nakuru, kwa familia moja karibu na stesheni. Miaka kumi na moja alilala kwenye sakafu ya jikoni ya watu, kwa sababu mtoto wao angeweza kuamka na kulia. Sisi tulikuwa na mama Jumapili tu, mchana.

Si familia hii. Niliuliza wiki ya kwanza, kwa ujanja. Lakini sakafu ni sakafu na rafu ni rafu. Sipandi.

Jumatano, 5 Februari

Nimemwambia Nilesh hapana. Nilisimama katikati ya sebule na koti bado mwilini. Alishangaa kweli. Akauliza, mama akihitaji choo saa nane za usiku? Nikasema kazi yangu inaisha saa kumi na mbili jioni, na ejensi iliyoniajiri inajua hivyo.

Kutoka kwenye kiti chake mama akasema, "Mimi pia hapana taka yeye. Yeye nakoroma."

Mimi nakoroma! Mara moja tu nilisinzia kwenye kiti, siku wafanyakazi wa reli waligoma na nilitoka nyumbani alfajiri. Hajasahau. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza tumekubaliana jambo, tukampiga Nilesh pande mbili. Vyumba viwili basi. Uso wake ukabadilika rangi.

Kisha akatandaza karatasi mezani. Nauli ziko tatu. Ya chini: kampuni ndiyo inakupangia chumba, popote palipobaki, na saa ya chakula wanakuamulia wao. Ukighairi hurudishiwi kitu. Ya katikati: unachagua chumba chako mwenyewe kwenye ramani ya meli, unachagua saa ya kula, kila bandari kuna basi la kukuingiza mjini, na mipango ikigeuka unaweza kubadilisha. Ya juu ni hiyo ya katikati, pamoja na vinywaji, intaneti na bakshishi.

Ya juu ilikufa kwanza. Mama Nilesh hajaonja pombe maishani. "Nilipie ulevi ya wazungu?" Ikaisha hapo.

Nilesh anataka ya chini. Mimi nikasimamia ya katikati na nikatoa sababu. Mama anatembea na fremu ya kujishikiza. Akitupwa kwenye pua ya meli, mbali na lifti, atafika mezani watu wanakula matunda. Mimi nikiwekwa sakafu nyingine nitazunguka siku nzima kama kishada. Nilisema yote hayo bila kupaza sauti. Nilijivunia.

Mama akauliza kama barafu ni nyeupe au ya buluu.

Ijumaa, 7 Februari

Ameniita yaya. Mbele ya jirani aliyeleta barua. "Yaya atachukua." Jirani alipoondoka nikamwambia mimi nina cheti, si yaya. Akanijibu, "Kazi iko ile ile. Kuosha, kulisha."

Namchukia. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna wa kuniuliza. Nilimchana nywele taratibu kuliko kawaida, nisije nikazivuta.

Jioni Faith alinisomea masharti ya nauli kwenye simu yake. Binti yangu anasomea ufamasia, macho yake yamezoea maandishi madogo. Mimi namuuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kizungu, ndivyo tunavyoishi. Akasema ya katikati ni bora mara kumi. Unaweza kubadilisha chumba, tarehe, hata jina la msafiri. Ya chini haibadiliki hata herufi. Akauliza, Mum, kwani unataka kwenda? Sikuwa nimejiuliza. Nataka kushinda. Hilo nalijua.

Jumatatu, 10 Februari

Dunia imepinduka mwishoni mwa wiki.

Nilesh amekuja mpole kama mchungaji wa kanisa. Amefikiria maneno yangu. Nina haki kabisa. Watachukua nauli ya katikati, ile inayobadilika. Hata alinishukuru. Nilihisi joto kifuani, nikasahau kumchukia kwa muda wa kikombe kimoja.

Ndipo mama akagonga fremu sakafuni. "Hapana. Hiyo rahisi. Ya chini."

Wiki iliyopita hakujali. Leo amekuwa mbogo. Nilesh akamweleza habari ya lifti, habari ya chumba, sababu zangu zote, akizitoa kinywani kama zake. Mama akagonga tena. Ya chini, ya chini, ya chini. Nikaingilia. Nikamwambia, "Mama, hiyo watakuweka popote."

Akanitazama moja kwa moja. "Wewe nyamaza. Hapana jua kitu."

Najua kitu kimoja: alisubiri hadi nilipopata nilichotaka, ndipo akakipinga.

Jumanne, 11 Februari

Nimemwambia usoni. Nilesh alikuwa kazini, mkewe hekaluni, tulikuwa wawili tu. Nilisema, "Mama Nilesh, unanitesa makusudi. Mwanao amekubali. Wewe unakataa kwa sababu ni mimi niliyeomba."

Alivua mashine za masikio, ya kulia na ya kushoto, akaziweka mezani kando ya miwani. Akafumba macho.

Mlango wa jikoni niliufunga kwa kishindo. Nilitumaini ametikisika.

Jumatano, 12 Februari

Hakunisemesha hadi saa sita. Kisha ghafla: nilizaliwa lini? Siku, mwezi, mwaka. Nikauliza ya nini. Eti anataka kusoma nyota yangu. Nikampa. Akaandika nyuma ya bahasha kwa mwandiko wake wa kutambaa. Halafu akasema, "Sura yako nazidi miaka yako."

Mwanamke huyu!

Alhamisi, 13 Februari

Siku yangu ya kupumzika. Nimeshinda Peckham, kusukwa. Msusi akaniambia nishukuru Mungu, wengine hawajawahi hata kupanda boti. Nikamwambia apunguze kuvuta nywele. Watu wanapenda sana kunigawia shukrani.

Ijumaa, 14 Februari

Nilesh anasema atalipia kesho. Nikamuuliza kama anahitaji jina langu jinsi lilivyo kwenye pasipoti. Alikuwa anatafuta funguo za gari. Akasema haina haraka, jina lolote litatosha kwa sasa, ndiyo faida ya nauli hiyo.

Kitu kilinichoma. Kidogo, kama uzi kwenye kola. Nikakiacha.

Mama alikuwa amekaa wima, anamtazama mwanawe mgongoni. Alikula chakula chote leo. Si kawaida yake.

Jumatatu, 17 Februari

Simu ya ejensi imenikuta ndani ya treni, kabla ya Charing Cross. Meneja, sauti ya sukari. Kuanzia mwisho wa Machi familia ya Kenton inaomba mhudumu mwingine. Mwenye umri mdogo kuliko mimi. Mwenye kubadilika zaidi. Hakuna malalamiko rasmi. Nitatafutiwa mteja mwingine.

Nilishuka, nikasimama karibu na ngazi ya kushukia treni ya Bakerloo, watu wakanigonga kwa mabegi. Hapo hapo ikanifungukia yote. Jina lolote kwa sasa. Huyo mdogo mwenye kubadilika angelala kwenye kitanda cha darini bila kulalamika. Jina langu lingeingia, halafu lingetoka. Na mimi ndiye niliyebeba nauli hiyo kwa mikono miwili nikamletea Nilesh. Mimi, na sababu zangu.

Nilifika nimechelewa nusu saa. Sikusalimia. Soksi nilizivuta.

"Mbona kimya?"

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia ndani ya nyumba hiyo. Kwamba mwanawe ananifukuza. Kwamba amepata alichotaka, mhudumu anayebadilika, kama nauli yake inayobadilika.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Mimi najua tangu Jumamosi ile ingine, mbele ya kusema nataka ya chini. Nilesh alikuwa anaongea na ofisi yenu pale kwa ngazi. Yeye anafikiri nikitoa mashine mimi iko kiziwi. Sikio ya kushoto bado iko."

Sikuelewa. Akaniagiza droo ya pili. Ndani, chini ya leso, bahasha ile yenye tarehe yangu ya kuzaliwa, imejaa namba na maandishi. Alhamisi, nikiwa Peckham kichwa kimeinamishwa, alipiga simu kwa kampuni ya meli mwenyewe. Kadi yake ya benki, akisoma namba kwa kioo cha kukuzia. Nauli ya chini. Vyumba viwili. Majina mawili. Langu kamili amelitoa kwenye kitambulisho changu cha kazi kinachoning'inia shingoni kila siku. Juzi Jumamosi Nilesh alipofungua kompyuta kulipia, akamwambia asubiri hadi Jumatano, kichwa kinamuuma.

"Nilimuuliza ule msichana ya simu mara tatu," akasema. "Hii jina inaweza toka? Akasema hapana. Inaweza badilishwa? Hapana. Mtoto yangu akipiga simu? Hapana, mama. Basi nikasema, andika hiyo."

Nilikaa kwenye kitanda chake. Hairuhusiwi kukaa kwenye kitanda cha mteja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mimi nina mdomo. Ningemwambia Nilesh siku hiyo hiyo, kwa hasira.

Ni kweli. Ningemwambia.

"Lakini wewe hunipendi," nikasema.

"Hapana," akasema. "Wewe iko kali, nafunga mlango kama polisi. Lakini mimi mzee. Hapana wakati ya kuzoea mtu ingine."

Jumatano, 19 Februari

Nilesh amejua. Mama alimwambia mwenyewe, wakati wa chai, kama anavyosema maziwa yameisha. Alipiga simu kwa kampuni mbele yetu, akaweka spika. Msichana wa upande wa pili, adabu tele, akamsomea masharti: nauli hii hairuhusu kubadilisha jina, na malipo hayarudi. Akauliza tena kwa maneno mengine. Akasomewa tena.

Alikata simu, akanigeukia. Sijawahi kuona uso ule. Akasema nimemchezea mwanamke mzee akili. Kwamba mhudumu haruhusiwi kupokea zawadi hata ya soksi, na mimi nimejipatia safari ya meli. Kwamba ejensi itasikia leo.

Mama akampigia kelele kwa Kigujarati. Yeye akampigia mama. Nilichukua koti langu.

Na lililo baya zaidi: kuhusu kanuni, hakukosea. Nilisaini kanuni hizo. Nilipaswa kupiga simu Jumatatu ile ile. Sikupiga. Nilikuwa na furaha. Siku mbili za furaha, na sasa naweza kupoteza jina langu katika kazi yote, si nyumba hii tu.

Ijumaa, 21 Februari

Nimesimamishwa. Barua imekuja kwa simu. Uchunguzi. Nisiende Kenton, nisiwasiliane na mteja.

Faith ameuliza kama niliomba safari ile. Binti yangu mwenyewe. Alikuwa anauliza tu, anasema. Nimemwambia atoke chumbani.

Jumanne, 25 Februari

Nimeshinda kwenye sofa. Namchukia Nilesh. Namchukia meneja na sukari yake. Mama Nilesh namchukia kuliko wote. Nani alimtuma? Angeniacha nifukuzwe kwa heshima. Sasa naitwa mwizi wa wazee kwa sababu mwanamke mmoja hataki kumfundisha mtu mwingine mahali pa kuweka miwani.

Faith ameacha sahani ya wali mlangoni. Nimeila.

Jumanne, 4 Machi

Mahojiano. Chumba kidogo, meneja na mwanamume anayeandika. Je, nilimshawishi? Je, nilijadili nauli naye? Ndiyo, nilijadili. Nilitaka ipi? Nikasema ukweli: nilipigania ile nyingine. Ile inayobadilika. Hiyo ya chini niliipinga mbele ya mwanawe, muulizeni. Mwanamume akaacha kuandika, akanitazama.

Nikaeleza pia kwamba nilijua Jumatatu na sikuripoti. Nilisema kabla hawajaniuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Imekwisha. Meneja amenipigia, safari hii bila sukari. Walikwenda Kenton kumhoji Mama Nilesh bila mwanawe kuwapo. Inaonekana aliwahoji yeye. Aliwauliza kama mtu wa miaka themanini na minne anahitaji ruhusa ya kutumia kadi yake. Kampuni ya meli hurekodi simu, na alidai iombwe rekodi ya kwake. Wamesikiliza. Kuna sauti yake, akiuliza mara tatu.

Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kutoripoti. Nalistahili. Kenton sirudi tena kikazi. Mteja mpya yuko hapa Lewisham, nyuma ya soko, dakika tano kwa miguu. Kuhusu safari, meneja akasema akishakuwa si mteja wangu wala wa ejensi yetu, ni mambo yangu. Familia imehamia ejensi nyingine. Lakini nifikirie vizuri.

Nilimshukuru. Kisha nikatupa simu kwenye sofa na kulia kwa hasira, si kwa kitu kingine.

Jumatano, 19 Machi

Mteja mpya ni mzee mkimya. Anasema tafadhali. Anasema asante. Nafika kazini miguu haijachoka.

Leo saa nne nilijikuta namtazama na kungoja anitukane.

Ijumaa, 28 Machi

Ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ni mhudumu mpya wa Kenton, ameandika kwa niaba ya Mama Nilesh. Vyumba vimetoka. Cha mama sakafu ya tano, mbele kabisa. Changu sakafu ya tisa, nyuma kabisa, hakina dirisha. Kama nilivyosema. Kama nilivyosema tangu mwanzo!

Mwishoni ameandika: Mama anauliza kama utakuja Jumapili ijayo au umekufa.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda. Baada ya ibada, na nguo za kanisani. Nilibonyeza kengele kama mgeni na nikangoja. Ilichukua muda mrefu. Alifungua mwenyewe.

Nilesh hakuwapo. Amepunguza hasira, mama anasema, au amechoka. Atatupeleka Southampton kwa gari, hatasema neno njia nzima. Nikasema sijasema kwamba naenda.

Tukakaa. Nikamwambia nilichopanga kumwambia ndani ya treni, kutoka Charing Cross hadi Kenton. Kwamba nikienda, siendi kazini. Siamki usiku. Nikimsaidia kuvaa, ni kwa sababu nimetaka.

"Na kama hapana taka?"

"Utakula asubuhi na nguo ya kulalia."

Alifikiria. "Sawa," akasema. "Mimi iko na moja mpya."

Sikucheka. Nilitaka kucheka lakini sikumpa.

Nikamwambia habari ya mama yangu. Sijui kwa nini leo. Stesheni, sakafu, Jumapili mchana. Alisikiliza na mashine zote mbili ndani. Hakusema pole. Aliuliza mama alikuwa anaitwa nani. Nikasema Esta. Akalirudia mara moja, polepole, kama mtu anayehakikisha tahajia.

Baadaye alisinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Nje jirani alikuwa anapunguza ua wa bustani kwa mkasi mkubwa, majani yanaanguka barabarani. Jua kidogo. Treni yangu ilikuwa ya saa kumi. Nikaisikia inapita nyuma ya nyumba, nikabaki nimekaa.